Jeti ya Bei ya Malori Manne

Makindu imekuzwa na barabara ya Nairobi–Mombasa. Malori ya kwenda Mombasa hulala hapa, wasafiri hupata chakula cha bure katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, na wenye malori wanajua hesabu ya matairi, dizeli na gia kuliko wahasibu wengi. Ndiyo maana inaniuma kuona watu makini namna hiyo wakitumiwa picha za Cessna Citation au Learjet za miaka ya 1970 na 1980, kisha wakaambiwa kwamba anayemudu malori ataimudu na jeti. Kwetu ni hapa Makindu na kazi yangu ni ufundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Maneno ya madalali wa jeti hizi nimeyasikia ya kutosha, na kwa sababu wanaolengwa ni watu wa kwetu, nayajibu.

Wanasema bei yake ni ya malori manne. Bei ya kununua, ndiyo. Citation II kuukuu inaweza kupatikana kwa chini ya dola nusu milioni. Lakini injini zake, JT15D za Pratt & Whitney Canada, zina saa zilizohesabiwa. Zikifika saa 1,750 sehemu ya moto hufunguliwa na kukaguliwa. Zikifika 3,500 injini nzima hubomolewa na kuundwa upya. Kazi hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya dola kwa injini moja, na injini ziko mbili. Kwa hiyo ndege iliyobakiza saa 200 na iliyobakiza saa 2,000 ni mali mbili tofauti kabisa, hata zikifanana rangi. Dalali atakuonyesha viti vya ngozi. Wewe ulizia saa. Ukiona Learjet 24 au 25 ya bei ya kutupa, jua pia kwamba injini zake za kizazi cha kwanza zina kelele na kiu ya mafuta, na kwamba Marekani ilizifungia anga yake jeti ndogo za kelele hizo tangu mwanzo wa 2016, isipokuwa zilizorekebishwa. Soko lao kubwa lilifungwa, bei ikaanguka.

Wanasema ikiegeshwa haili kitu. Hapa ndipo watu wengi huumia. Lori ukiliegesha mwaka mzima, unabadilisha betri, unajaza upepo, unawasha. Jeti huhesabiwa kwa saa na pia kwa kalenda, na kinachotangulia ndicho hutawala. Ukaguzi mkubwa wa Citation hizi, ule wa awamu ya tano, hufanywa kila saa 1,200 au kila miezi 36. Ukiruka saa 50 tu katika miaka hiyo mitatu, fundi bado atafungua vifuniko vyote vile vile. Mitungi ya oksijeni ina tarehe zake, mipira ya majimaji ina tarehe zake, chupa za kuzimia moto nazo vivyo hivyo. Isitoshe, ndege iliyokaa huharibika haraka kuliko inayoruka: mpira unaoziba majimaji hukauka na kuanza kuvuja, maji hujikusanya chini ya tangi la mafuta, na ndani ya maji hayo huota uchafu ulio hai unaoziba vichujio.

Halafu kuna nyigu. Mbele ya ndege kuna mirija midogo inayopokea upepo ili rubani ajue mwendo wake, na tundu la mrija huo kidole hakiingii. Nyigu wa udongo huliona kama nyumba iliyo tayari. Ndege ikiegeshwa, mrija huvishwa kifuniko chenye utepe mrefu mwekundu. Kifuniko kikisahaulika, unaweza kukuta tundu limezibwa kwa tope gumu, laini juu kana kwamba limepigwa plasta. Februari 1996 Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaua watu wote 189. Ilikuwa imeegeshwa siku kadhaa bila vifuniko hivyo, na wachunguzi waliona kwamba mrija mmoja ulikuwa umezibwa, yaelekea na nyigu. Hiyo ndiyo ndege ambayo "haikuwa ikila kitu".

Wanasema spea za kuukuu zipo tele. Zipo, kwa sababu ndege nyingi za rika hilo zimekatwa ziuzwe vipande vipande. Ila kipuri cha ndege bila cheti hakina thamani yoyote. Lazima karatasi ionyeshe kilitoka ndege gani, kimetumika saa ngapi, nani alikikagua na kukipitisha. Mazoea ya maduka ya spea za magari ya Kirinyaga Road, ya kushika chuma mkononi na kusema hiki bado kizuri, hayana nafasi hapa. Septemba 1989 Convair 580 ya kampuni ya Partnair ya Norway, ndege yenye umri wa zaidi ya miaka 30, ilivunjikia angani ikielekea Hamburg, wakafa watu 55. Katika mkia wake zilikutwa bolti zisizofikia kiwango. Nawaomba wenzangu wa Makindu wasimame hapo kwenye neno bolti kabla ya kumsikiliza anayejigamba kwamba anaijua njia ya mkato.

Kuna na wanaopinga kutoka upande wa pili, wakisema jeti kuukuu ni jeneza. Nao nawakatalia. Umri peke yake hauangushi ndege. Hapo hapo Wilson, jeti za Citation zimebeba wagonjwa mahututi, na duniani Learjet 35 iliyozaliwa miaka ya 1970 imekuwa ambulensi ya kutegemewa kwa miongo mingi. Zinazodumu ni zile ambazo kila ukaguzi umefanywa kwa wakati na kuandikwa. Madaftari ya matengenezo yakipotea, hata ndege ing'ae vipi, hakuna anayejua tena ndani yake kuna nini.

Wanasema itatua nyumbani. Uwanja wetu mdogo haukujengewa jeti. Makindu iko kama mita 1,000 juu ya bahari, na jua letu la Oktoba hufanya hewa iwe nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu ili kuinuka. Changarawe inayorushwa na gurudumu la mbele ikimezwa na injini, zile saa 3,500 huishia siku hiyo. Kwa safari ya kuja nyumbani, Cessna Caravan ya pangaboi inatosha.

Na safari ya Dubai wanayoiahidi je? Citation hizo zikibeba abiria hazifiki bila kutua njiani. Tena tangu Septemba 2008, anga ya Afrika kati ya futi 29,000 na 41,000 inataka vipimo vya kimo vilivyo sahihi zaidi na kibali chake. Isiyo navyo husukumwa chini, na huko chini jeti hunywa mafuta vibaya.

La mwisho, kwamba utaikodisha ijilipe. Huwezi kuchukua nauli hata ya abiria mmoja bila cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na cheti hicho hudai mameneja waliokubaliwa, miongozo, mafunzo ya marubani na bima ya biashara. Ukihitaji kufika Kisumu mara mbili kwa mwezi, kodi ndege kwa saa pale Wilson, umwachie mwenyewe kalenda yake. Kama bado unataka yako, mlipe fundi asiyejuana na dalali asome madaftari yote na achungulie ndani ya injini kwa kamera kabla hujatoa hata shilingi ya arubuni. Muuzaji akikataa kamera, mazungumzo yaishe hapo.