Vikombe vya Timu za Ulaya Vyauzwa Kongowea, Vya Feisal Viko Wapi?

Juzi baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa maskani yetu alikuja barazani na kikombe cha chai alichokifunga kwa gazeti. Alikiokota kwenye rundo la vyombo vya mitumba pale Kongowea kwa shilingi hamsini. Kilikuwa na nembo ya Arsenal, ile ya zamani yenye maneno ya Kilatini chini yake. Wazee walimcheka. "Wenzako washangilia makombe, wewe washangilia kikombe!" Kijana hakujibu. Alitoa simu akatuonyesha ujumbe wa mtu aliye Uingereza, aliyekuwa tayari kulipa mara arobaini ya bei hiyo. Kicheko kikakatika.

Wengi wetu tulidhani ni wazimu wa Wazungu. Si wazimu, ni soko. Mwaka 2020, kombe la FA lililotumika kati ya 1896 na 1910 liliuzwa mnadani London kwa pauni 760,000. Mnunuzi hakuwa Mwingereza bali Sheikh Mansour wa Abu Dhabi, mmiliki wa Manchester City. Miaka miwili baadaye, jezi aliyovaa Maradona alipoifunga Uingereza kwa mkono mwaka 1986 ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 7. Hao ni matajiri. Chini yao kuna maelfu ya watu wa kawaida wanaotafuta vikombe, glasi, beji, skafu na tiketi za timu walizopenda utotoni. Baadhi ya vitu hivyo hushuka bandarini kwetu ndani ya makontena ya mitumba, na sisi twavipita tukitafuta sufuria.

Anayetaka kuingia katika biashara hii lazima kwanza ajue kusoma chombo. Nembo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Ile ya Arsenal yenye Kilatini ilianza 1949 na ikaachwa 2002. Manchester United waliondoa maneno "Football Club" kwenye nembo yao mwaka 1998. Manchester City walirudi kwenye nembo ya duara 2016. Liverpool walivaa jina la bia ya Carlsberg kifuani kuanzia 1992 hadi 2010. Ukivijua vitu kama hivi, muuzaji hatakwambia chombo ni cha miaka ya sabini ilhali nembo yake ilizaliwa juzi. Hata hivyo, nembo ya zamani peke yake haitoshi, kwa sababu viwanda vya leo huchapa nembo za kale kwenye vikombe vipya. Pindua kikombe utazame kitako: alama ya kiwanda, mikwaruzo ya meza, rangi iliyofifia kwa kuoshwa.

Jambo la pili ni uaminifu. Kule London, Matthew Reed aliuza bidhaa za Arsenal zisizo rasmi nje ya uwanja wa Highbury tangu 1970. Klabu ikampeleka mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikaipa klabu ushindi. Kitu kisicho rasmi chaweza kuwa cha zamani kweli na kikapendwa na wakusanyaji, lakini sema hivyo unapouza. Dini yetu haituruhusu kuificha aibu ya bidhaa.

La tatu ni afya. Rangi na michoro ya vyombo vya udongo vya zamani mara nyingine huwa na madini ya risasi. Kikombe cha namna hiyo ni cha kuwekwa kabatini, si cha kumtilia mtoto chai ya moto. Kuhusu magi na glasi za bia zenye nembo za timu, kila mtu na nyumba yake. Kwangu haziingii. Jezi za kamari nazo zina hadithi yake: klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana 2023 kuondoa kampuni za kamari kifuani mwa jezi msimu wa 2025/26 ukimalizika. Zile tulizowavisha wanetu bila kufikiri sasa ndizo zitakazoitwa za kale.

Lakini lililoniuma pale barazani si hilo. Mzee mmoja aliuliza swali moja tu: "Na vya Feisal viko wapi?" Hakuna aliyejibu.

Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965. Timu ya mitaa yetu, miaka miwili tu baada ya uhuru, ilisimama juu ya nchi nzima. Bandari nao walibeba kombe la mtoano 2015 na tena 2019. Kijana wa leo anaweza kukutajia mwaka ambao Liverpool walibadilisha nembo, lakini hajawahi kuiona hata picha moja ya mabingwa wa 1965.

Nami sina haki ya kulaumu mtu. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kikombe kidogo cha bati cha mashindano ya mtaani na picha mbili za timu. Tulipokarabati nyumba Mji wa Kale, vilikwenda na vifusi. Karai nilibeba mwenyewe.

Na hatukuwa watu wa kutupa. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani, mahali pa kupanga vyombo vya thamani kutoka China. Kaburi la mnara kule Mambrui lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Wazee wetu walijua kwamba bakuli ni zaidi ya bakuli: linasema uliwahi kufika wapi na ulijuana na nani.

Kombe la Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Wageni watakuja na kuuliza soka yetu ilianzia wapi. Tusingoje serikali. Kila maskani iwatembelee wachezaji wake wa zamani walio hai, ipige picha jezi, vikombe, beji na vyeti vyao, na iandike majina ya waliomo pichani kabla wanaowajua hawajaondoka. Kisha tuwaombe wasimamizi wa Fort Jesus watupe chumba kimoja kwa miezi michache.

Kijana wetu alikiuza kikombe chake, na ni halali yake. Wewe kabla hujasafisha stoo ya marehemu babako, hebu fungua lile sanduku kwanza.