Msiwahi Kulifunga Shimo

Sisi wa Nyankunde tunajua maneno ya haraka yanayosemwa shimo la dhahabu likiporomoka: wamekwisha kufa, waacheni. Maneno hayo tunayakataa.

Huko Courrières, kaskazini ya Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, vumbi la makaa ya mawe lilishika moto likalipuka chini ya ardhi. Watu 1,099 walikufa. Waokoaji walitoka hata Ujerumani, na vyombo vyao vya kuvutia pumzi. Lakini baada ya siku tatu tu wakubwa wa mgodi walisema hakuna tena aliye hai, wakashughulikia kuzima moto. Je, waliwahurumia watu au makaa? Tarehe 30 Machi watu 13 wakajitokeza wenyewe kutoka gizani; walikuwa wamekula nyama ya farasi wa mgodi. Siku tano baadaye akatoka mwingine!

Na kwetu Kongo? Machi 2023, katika Kivu ya Kusini, mtu mmoja alifukua udongo kwa sepetu, kisha kwa mikono mitupu, wakatoka wachimbaji 9 wazima.

Basi wewe mwenye shimo, unayesema wote wamekufa, tuambie: walioshuka asubuhi ni wangapi, na majina yao umeyaandika wapi?