Kaboni faiba si uchawi, wasee

Wasee, leo niacheni nikasirike kidogo. Kuna hizi video za watu wanaojiundia ndege gereji. Si mnazijua? Jamaa ananunua ndege ikiwa vipande, miaka mitatu anapiga riveti, halafu karibu na mwisho anatoa boneti ya injini ya faibaglasi na kuweka ya kaboni faiba. Nyeusi, inang'aa kama Subaru ya wikendi. Anaiinua kwa kidole kimoja. "Oneni vile ni nyepesi!" Sisi huku tunapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikaiposti na sifa juu. Nilikosea, ndio maana naandika.

Sisemi kaboni ni mbaya. Kwa uzito uleule ina nguvu kuliko alumini, na uzito si mchezo, hasa kwetu. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivyo injini ya kawaida isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu kabla hata hujaondoka chini. Mabawa nayo yanapata hewa kidogo ya kushika. Kilo 20 ambazo Mombasa hutazihisi, Eldoret utazihisi ukiona mwisho wa uwanja unakuja. Kwa hivyo punguza uzito, sawa. Swali langu ni moja: unaupunguza wapi?

Kumbuka fizikia ya fomu tu, ile ya bembea. Tuseme ndege ina kilo 500. Umetoa kilo 10 kwa pua, boneti na propela, mita 1.5 mbele ya kitovu cha uzito. Piga hesabu: kitovu kimerudi nyuma sentimita 3. Utasema, tatu tu? Kwa ndege ndogo kama hizi, nafasi yote inayoruhusiwa inaweza kuwa sentimita 20 hivi. Sasa weka beste yako mzito kiti cha nyuma, na begi lake. Kitovu kikirudi nyuma kupita kiasi, mkia unashindwa kushusha pua. Ndege inainuka, mwendo unaisha, bawa linaacha kubeba. Hapo hata ukiwa na mikono ya dhahabu, umechelewa.

Na hiyo ni boneti tu, haibebi ndege. Kuna wale wanaoongeza kaboni kwa mhimili wa bawa la faibaglasi, ati liwe imara zaidi. Nyuzi za kaboni ni ngumu kuvutika kama mara tatu kuliko za kioo. Ukizifunga pamoja, zile ngumu zinabeba sehemu kubwa ya mzigo, kioo kinangoja zamu yake. Halafu kaboni haipindi ikakuonya. Inakatika mara moja, na mzigo wote unaangukia kioo ghafla.

Wengine wanaifunga moja kwa moja juu ya alumini. Ikipata unyevu na chumvi, mfano ukiiweka Malindi, alumini inaliwa polepole pale zinapogusana, na huoni. Mafundi wanaojua huweka tabaka la faibaglasi katikati. Na kwa vile kaboni inapitisha umeme, ile antena uliyoificha ndani ya mkia wa faibaglasi, ukiufanya mkia wa kaboni, redio inakuwa kiziwi. Hayo kwa video hayako.

Najua mtanitajia Voyager. Mwaka 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walizunguka dunia siku 9 bila kutua wala kuongeza mafuta, na ndege yao ilikuwa ya kaboni kwa sehemu kubwa. Ilibeba mafuta ya zaidi ya tani 3. Enyewe ni maajabu. Lakini Burt Rutan aliichora hivyo kutoka karatasi ya kwanza, hakubadilisha boneti. Na ni Burt huyo huyo aliyechora Long-EZ, ndege ya watu kujiundia nyumbani. Hiyo aliifanya ya faibaglasi juu ya povu gumu. Jiulize kwa nini kioo kinamfaa mtu wa gereji. Bei yake ni ya chini, na kikilowa epoksi unaona viputo vya hewa ulivyoacha ndani. Kaboni ni nyeusi, inakufichia makosa yako mpaka siku ya hukumu.

Unataka wepesi? Acha viti vya ngozi, skrini ya tatu, na rangi juu ya rangi. Kata kitambi, hizo kilo 5 ni za bure. Pima ndege kwa mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, na uandike namba. Bado unataka kaboni? Nunua sehemu ambayo aliyechora ndege ameikubali, na upige hesabu ya kitovu upya kabla ya kuruka, si baada.

Na nyinyi wa video, kabla mtuonyeshe mng'ao, tuonyesheni mizani. Kuna kijana mahali anawatazama na ana pesa za kununua boneti. Gari ikikukatalia, unaisukuma kando ya Thika Road. Ndege haina kando.