Usimfiche mtoto, sheria huanzia nyumbani

Wazazi wengi hudhani kwamba sheria za watu wenye ulemavu ni kazi ya mawakili na wanasiasa, na kwamba mama anayelea mtoto asiyesikia au asiyetembea kazi yake ni kusubiri tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990, maarufu kama ADA, inaonyesha vingine.

Seneta Tom Harkin, aliyeusimamia muswada huo, alikuwa na kaka yake Frank, kiziwi tangu utotoni. Shuleni Frank aliambiwa achague moja kati ya kazi tatu: kuoka mikate, kutengeneza viatu au kuwa msaidizi wa mpiga chapa. Hakuitaka hata moja. Wakamfanya mwoka mikate.

Seneta Edward Kennedy, aliyeshirikiana naye, alikuwa na mtoto wa kiume aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa akiwa na miaka 12. Alikuwa pia na dada, Rosemary, mwenye ulemavu wa akili. Mwaka 1941 baba yao aliamua afanyiwe upasuaji wa ubongo, nao ukamharibu zaidi. Aliwekwa katika kituo cha mbali, na kwa miaka mingi familia haikumtaja hadharani, hadi dada yao Eunice alipoandika habari zake waziwazi katika jarida mwaka 1962.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa walikuwa wamekilalia.

Hata hivyo, haikuwa rahisi. Muswada ulipita Seneti Septemba 1989 kwa kura 76 dhidi ya 8, kisha ukakwama katika kamati za Baraza la Wawakilishi huku wenye biashara wakilalamikia gharama. Machi 12, 1990, watu wapatao 60 waliacha viti vya magurudumu na magongo yao chini ya ngazi za Bunge jijini Washington, wakaanza kupanda kwa kutambaa. Miongoni mwao alikuwamo Jennifer Keelan, msichana wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo. Alipanda mpaka juu.

Mei 22, wawakilishi 403 waliunga mkono, 20 wakapinga. Julai 13, Seneti ilipopiga kura ya mwisho, Harkin alihutubia kwa lugha ya alama kwa heshima ya kaka yake. Rais George Bush alitia saini Julai 26.

Kwetu sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010. Ile ya Kenya ya 2003 ilimkataza hata mzazi kumficha mtu mwenye ulemavu kiasi cha kumnyima huduma. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtoto ambaye hakuna anayejua kama yupo.

Kwa hiyo mzazi, mpeleke kliniki mapema. Mwandikishe shule pamoja na wenzake, na shule ikimkataa, omba sababu kwa maandishi, uende nayo kwa afisa ustawi wa jamii. Mbunge au diwani akija mtaani, nenda naye mtoto mkutanoni, mkae mbele. Na wageni wakija nyumbani, asipelekwe chumba cha nyuma. Aitwe kwa jina lake, aje asalimie.