Mahari Ulinipa Mimi, Hukutoa Kwetu



Kuna neno dogo linalotugombanisha na waume zetu: "kwenu". Mume akikasirika husema, "Nilitoa mahari kwenu." Mke akimrekebisha, "Ulinipa mimi, hukutoa kwetu," huambiwa anatafuta ushindi wa maneno. Sisi tunasema hapa mke asinyamaze.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha mahari wapewe wanawake wenyewe. Si baba, si mjomba. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni mila, na hivyo ndivyo vinavyokwenda kwenu. Tatizo vyote hutiwa bahasha moja na kuitwa mahari (wazee wetu, mtusamehe, na nyinyi mmechangia), kisha bibi harusi anaulizwa kama ameridhika naye hajui hata ni shilingi ngapi.

Mnakikumbuka kisa cha mke wa Thabit bin Qays? Alipotaka kuachana na mumewe, Mtume, rehma na amani zimshukie, alimuuliza yeye mwenyewe kama atamrudishia bustani yake. Akasema ndiyo. Mtu harudishi kilichokuwa cha baba yake.

Sasa tazameni "kwenu" linavyofanya kazi. Mume anayeamini ametoa kwenu huona watu wa kwenu wamemuuzia kitu, na kitu chenyewe ni wewe. Ndipo unaposikia "nimekulipia". Ndipo mahari iliyobaki deni inaposahauliwa, kwani utadai vipi kisichokuwa chako? Na deni hilo, mume akifa, hulipwa katika mali yake kabla warithi hawajagawana!

Wapo wanaosema mwanamke mwenye adabu hashindani na mumewe kwa neno. Adabu ni namna ya kulisema, si kuliacha. Ngoja hasira zishuke, mtilie chai, mwambie taratibu: "Bwana wangu, mahari ulinipa mimi." Akirudia kesho, nawe rudia.

Nawe ambaye bado, kabla hujampa walii wako idhini, uliza: mahari ngapi, kilemba ngapi, na hiyo yangu iko mkononi mwa nani?