Historia ya Kanisa kwa mtoto wa Bugolobi

Na Ruth Namatovu

Kila Januari, wazazi wa hapa Bugolobi, Kampala, wanaosomesha watoto wao nyumbani huniuliza swali lile lile: mtaala gani wa historia? Hisabati haiwasumbui, na Kiingereza hakiwasumbui. Kinachowakwaza ni historia, kwa sababu wanataka inayomtaja Mungu bila haya, na vitabu vya namna hiyo karibu vyote vinatoka Marekani.

Nawaelewa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Katika muda huo wako waliogundua sebuleni kwao kwamba mtoto anasoma, tena anasoma kwa furaha, na shule zilipofunguliwa hawakumrudisha. Sasa wanachagua vitabu peke yao, na vinavyopatikana upesi ni vya Abeka kutoka Pensacola, Florida, vya BJU Press, au vijitabu vya ACE, mfumo ulioanzishwa Texas mwaka 1970 ambamo mtoto hujisomea na kujisahihishia. Sivibezi. Vimepangwa kwa uangalifu, na mzazi ambaye hakusomea ualimu anaweza kuvifundishia.

Ila viliandikwa kwa ajili ya mtoto wa huko. Na mzazi Mwafrika ana haki ya kujua vimetoka mikononi mwa nani. BJU Press ilianza kama tawi la uchapishaji la Bob Jones University, chuo ambacho hakikupokea wanafunzi weusi mpaka mwaka 1971, na kikakataza mapenzi kati ya vijana wa rangi tofauti mpaka mwaka 2000. Mwaka 2008 chuo hicho kiliomba radhi hadharani, na nakiheshimu kwa hilo. Hata hivyo, kitabu cha historia kinapomwambia mwanangu mkono wa Mungu ulikuwa upande gani, lazima niulize aliyeuona mkono huo alikuwa amesimama wapi.

Ndiyo maana ninapopewa kitabu cha historia ya Ukristo, kwanza natafuta kurasa zinazowaonyesha Wakristo wakitenda dhambi. Kama hazimo, nakirudisha. Biblia yenyewe haikumficha Daudi wala Petro.

Kwa mtoto wa Kampala, kurasa hizo ziko karibu sana. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipoondoka kwa Kabaka Muteesa I, alimwacha kijana aitwaye Dallington Maftaa. Kijana huyu alikuwa amekombolewa utumwani, akalelewa katika shule ya misheni ya UMCA huko Unguja. Yeye ndiye aliyebaki ikulu akimsomea Kabaka Maandiko na kumwandikia barua zake za Kiingereza. Wamisionari Waanglikana wa CMS walifika miaka miwili baadaye, Juni 30, 1877, na Padri Siméon Lourdel, Mkatoliki ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Februari 1879. Walipofika walimkuta Kabaka anayejua Kiswahili na ambaye tayari alikuwa ameisikia Injili. Alexander Mackay wa CMS naye alianza kuwafundisha vijana wa ikulu kwa Kiswahili, kwa tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja. Mtoto anayefundishwa kwamba imani ililetwa kwake na Mzungu peke yake amefundishwa nusu. Mwalimu wa kwanza wa Injili kubaki ikulu alikuwa Mwafrika, aliyewahi kuuzwa.

Kisha yaje mateso ya siku za Kabaka Mwanga, mrithi wa Muteesa, na hapa hakuna haja ya kukuza wala kupunguza. Januari 31, 1885, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama waliuawa Busega, karibu na Natete. Lugalama alikuwa bado mtoto. Juni 3, 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja. Vitabu vingi vya watoto huishia hapo, moto ukizimika na mashujaa wakienda mbinguni.

Hapo ndipo ningependa mzazi asifunge kitabu. Januari 24, 1892, miaka isiyofika sita baada ya Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo kwa risasi. Baadhi yao walikuwa wamejificha pamoja siku za Mwanga. Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwagawia Waprotestanti bunduki, na yeye mwenyewe alikuwa na ya rashasha aina ya Maxim. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, wakafuatwa huko, na watu wakafa maji ziwani. Waliosalia wengi walihamia Buddu, na mgawanyiko ule ukaingia hata katika vyama vya siasa, DP na UPC, kabla ya uhuru. Ukimweleza mtoto haya, ataelewa kwa nini babu yake hakutaka kusikia posa kutoka upande wa pili.

Mama mmoja aliniambia mtoto wa miaka tisa ni mdogo mno kwa habari hiyo. Mimi naona kwamba aliyekwisha kusimuliwa habari za Kaini anaiweza.

Mengine yatafuata kwa wepesi: Apolo Kivebulaya aliyekwenda Mboga, katika Kongo ya leo, mwaka 1896, Joseph Kiwanuka aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1939, Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa na utawala wa Amin Februari 16, 1977. Maisha ya wengi wao yanasomeka bure kwenye intaneti, katika Dictionary of African Christian Biography. Mzazi mwenyewe asome The Church in Africa cha Adrian Hastings usiku, watoto wakilala. Kitabu cha Marekani kibaki kwa ajili ya Roma, Ugiriki na Luther, maana huko kina nguvu. Na kama mtoto atafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikumbukwe kwamba karatasi ya maarifa ya jamii (SST) ina maswali ya dini ndani yake, na mtihani huo haumuulizi habari za Wapuritani wa Massachusetts.

Namugongo nendeni mapema mwakani, kabla mahujaji wa Juni hawajajaa. Mnapitia Nakawa, Kireka na Kyaliwajjala. Ingieni basilika ya Wakatoliki, ingieni na kwa Waanglikana, lakini anzeni msikitini. Miaka ya 1870 Muteesa aliwaua hapo vijana Waislamu waliokataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, na wao walitangulia.