Miraa Ikichelewa, Nani Analipa?

Wasee wa Meru na Embu, leo hatuongelei Hilux. Tunaongelea ndege inayopokea mzigo Hilux ikishamaliza mbio zake.

Hesabu mnaijua. Miraa ya Igembe ikishachumwa ina kama siku mbili hivi kabla stimu iishe, hata ukiifunga vizuri aje kwa majani ya mgomba. Ndiyo maana gari zinapita Chuka na Embu kama zimeibiwa, zikimbilie ndege ya Mogadishu. Na sisi huku tunarekodi, tunaweka muziki, tunasema dere ni moto.

Sasa sikia. Tarehe 2 Julai 2014, kabla kupambazuke, Fokker 50 iliyobeba miraa iliruka kutoka JKIA kwenda Mogadishu. Haikufika mbali. Ilianguka kwa jengo huko Utawala na watu wote wanne waliokuwa ndani wakafa. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku miraa wiki moja tu kabla ya hapo, Juni 24, kwa hivyo soko la Somalia ndilo lilibaki tegemeo.

Fokker 50 ni ndege ya propela inayozungushwa na injini ya jeti. Kuielewa, anza na ile ndogo ya Wilson, Cessna Caravan. Rubani ana leva ya nguvu, inayoamua injini ivute kiasi gani. Ana nyingine ya propela, inayoamua izunguke mara ngapi kwa dakika, mwisho 1,900. Katikati kuna kifaa kinaitwa gavana (huyu hapigiwi kura) kinachogeuza pembe ya mapanga ili mzunguko usibadilike. Pembe ndogo, propela inazunguka haraka, hiyo ndiyo ya kuruka nayo. Pembe kubwa ni kama gia kubwa barabarani. Jaribu kutoka mtoni ukipanda mlima na gia ya nne na gunia kumi nyuma, utaelewa.

Kwa hivyo injini inaweza kulia kwa nguvu zote na bado ndege isivutwe inavyofaa, kama propela haizunguki inavyotakiwa. Masikio hayatoshi. Lazima usome saa zote mbili, ya nguvu na ya mzunguko, na kwa ndege ya injini mbili ulinganishe kushoto na kulia.

Ile Fokker ilikuwa na shida upande wa kushoto, na wachunguzi walisema marubani waliijua kabla ya kuondoka. Wakati wa kukimbia kwa njia ya ndege, kengele za tahadhari zililia mara 27. Ripoti ikasema chanzo ni uamuzi wa kuruka na hitilafu inayojulikana, na kukosa kusimamisha ndege baada ya milio hiyo.

Ishirini na saba, buda.

Niliacha chuo, lakini ripoti kama hiyo haihitaji digrii kusoma. Watu wengi wakiisoma wanasema ni makosa ya rubani na wanafunga ukurasa. Mimi sifungi. Sijui nini kilikuwa kichwani mwa wale marubani na sitawawekea maneno. Ninachojua ni biashara yenyewe: kila mtu kuanzia shambani analipwa mzigo ukifika, na hakuna anayelipwa kwa kusimama. Dere akiegesha Embu kwa sababu breki zinanuka, anaitwa mwoga. Rubani akirudisha ndege, kuna magunia yanayogeuka takataka kesho kutwa. Halafu tunashangaa mkono unasukuma leva mbele.

Kuna mtu ataniambia nachafua jina la miraa. Zii. Hiyo miraa ndiyo imelipa karo za watu wengi mnaosoma hapa. Somalia ilifunga mlango Machi 2020, ikafungua tena Julai 2022, na Meru ilifurahi kwa sababu nzuri. Ndege zinaruka tena. Ila mpango wa mzigo kuchelewa siuoni. Bei inajadiliwa, ushuru unajadiliwa, lakini pesa ya siku propela ikikataa haina mwenyewe.

Wafanyabiashara wa Maua na vyama vya wakulima, niambieni: ndege ikirudi kuegeshwa, hasara inaandikwa kwa jina la nani? Mwenye mkataba unaogawanya hiyo hasara, anitumie kwa inboksi, nitauposti kesho nikificha jina lake.